Reki ya kufunga nyuma ya trekta dogo: nunua nzito, nunua pana, na vigurudumu usiviache dukani

Naanza na hukumu kabisa ili mwenye haraka asihangaike kusoma yote. Kama una trekta dogo la hosipawa 20 mpaka 35 na una barabara ya kokoto ya kuingia kwako, au una kipande cha ardhi unataka kukisawazisha upande majani, reki ya kufunga nyuma ni kifaa kizuri sana, ila iwe nzito, iwe na upana unaozidi matairi yako hata ikikaa kimshazari, na isije bila vile vigurudumu vyake vya nyuma. Ukikosa kimojawapo utaishia kuisema vibaya wakati reki haina kosa. Na kama tatizo lako ni mashimo kwenye barabara iliyoshindiliwa ikawa ngumu kama zege basi hii sio dawa yake, hela peleka kwingine, nitasema huko chini.

Mimi niko Georgia, kaskazini kidogo ya Atlanta, kwenye ule udongo mwekundu ambao ukilowa unanata kwenye kiatu mpaka unatembea kama umevaa matofali. Heka chache tu, nyumba imekaa ndani mbali na lami, na draivuwei ina mteremko. Mvua za kiangazi huku zinakuja jioni, kali, za radi, zikishuka kokoto zote zinakimbilia pembeni kwenye majani na zingine zinaenda kulala chini kule kwenye lami ya kaunti. Ukirudisha kwa koleo na reki ya mkono utafanya wikiendi nzima na mgongo utakuambia. Trekta langu ni la hosipawa 25, fowili (tairi zote nne zinavuta), lina loda mbele, yani ile mikono yenye ndoo ya kuchotea, na ukipima kwa futikamba kutoka ukingo wa nje wa tairi moja la nyuma mpaka ukingo wa lingine unapata inchi 52. Hiyo 52 ishike, tunaenda kuitumia sasa hivi.

Kwa ambaye hajawahi kuiona: ni boriti ndefu ya chuma, futi nne mpaka nane, imepangwa meno ya chuma cha springi yaliyopinda kama herufi C, kila jino limefungwa na bolti yake, na kati ya jino na jino kuna nafasi ya kama inchi moja. Inafungwa kwenye mikono mitatu ya nyuma ya trekta, haitumii PTO (ile shafti ya nyuma inayozungusha vifaa) wala haidroliki yoyote ya ziada, unaivuta tu. Katikati kuna mhimili na pini, ukichomoa pini unaizungusha boriti nzima ikae sawa, au kimshazari kulia au kushoto, na nyingi zinageuka kabisa mpaka migongo ya meno ndo inatangulia. Wazee wa huku Marekani, hasa wa majimbo ya kaskazini mashariki, wanaiita York rake, kwa hiyo ukikutana na hilo jina kwenye tangazo la kitu cha mkononi jua ni mnyama huyo huyo.

Sasa upana. Wauzaji wengi watakuuliza trekta lako lina hosipawa ngapi halafu wanakutajia futi. Hosipawa ina maana yake ila sio swali la kwanza, swali la kwanza ni futikamba. Kazi kubwa ya hii kitu kwenye barabara unaifanya ikiwa imekaa kimshazari, na ikikaa kimshazari inapungua upana. Chukua ya futi tano, yani inchi 60, igeuze nyuzi 30, upana unaobaki ni inchi 52. Kwa trekta langu hapo imegusa tu ukingo wa tairi, haizidi hata kidogo, maana yake ukiyumba kidogo tairi moja linaacha alama ambayo reki haitaifuta. Ya futi nne ndo kabisa, nyuzi 30 inabaki inchi 41 na ushee, hiyo waachie wenye vile vitrekta vidogo zaidi na hata wao wapime kwanza. Ya futi sita, inchi 72, ukiigeuza nyuzi 30 inabaki 62, hapo nina inchi tano kila upande za kufuta nyayo zangu mwenyewe. Ndo nikachukua ya futi sita. Na hosipawa 25 zinaivuta bila kulalamika kwenye kokoto zilizolegea, kwa gia ya chini, fowili ikiwa imeingia. Ukiijaza kokoto mpaka boriti inafunikwa hapo tairi zitaanza kuteleza, lakini hapo hata kazi yenyewe inakuwa mbaya, kwa hiyo inua kidogo uachie.

Kinachoweza kukufanya upunguze futi ni miti na geti. Kama unapita katikati ya misonobari iliyobanana au trela lako ni jembamba, ya futi tano inaweza kuwa na akili zaidi. Ila hicho ndo kiwe kisingizio chako, bei isiwe.

Uzito. Hapa ndo watu wengi wanapigwa na naomba nikae kidogo. Mikono ya nyuma ya trekta dogo inanyanyua, haikandamizi. Ukishusha ile wenzo unachofanya ni kuruhusu kifaa kianguke kwa uzito wake chenyewe, hamna haidroliki inayoisukuma chini. Kwa hiyo reki inachimba kwa kilo zake tu, basi. Sasa kuna za futi sita zenye paundi 200 na kitu hivi, na kuna za futi hizo hizo sita ambazo ukiweka na vigurudumu zinapita 400. Kwenye picha zinafanana, rangi zinafanana, mpaka idadi ya meno inafanana. Ukizipeleka kazini ile nyepesi inaruka ruka juu ya kokoto kama mbuzi, inakwangua juu juu, unarudia mara nyingi na ukiangalia nyuma unaona mistari tu. Nzito inakaa. Nilishawahi kuazima nyepesi kwa jirani nikaona watu wanafunga matofali ya zege juu kwa cheni ili itulie, inasaidia kweli, ila sasa kama unajua utafunga matofali si bora ununue chuma tangu mwanzo.

Dukani ukiangalia usisome tu namba ya paundi, shika. Angalia boriti ni bomba la mraba la unene gani, angalia pale mhimili unapozungukia pana bushi au ni tundu tu limetobolewa kwenye bamba, kuna sehemu ya kupiga grisi au hamna. Shika ncha ya boriti uitikise mbele nyuma. Ikicheza inchi mbili tatu ikiwa mpya kabisa, baada ya mwaka itakuwa inapiga kelele kama basi la mkoani. Meno pia, ya bei nafuu mengi ni ya unene wa 5/16 ya inchi, upana inchi moja, na kiukweli kwa matumizi ya nyumbani yanatosha, yale ya 3/8 ni ya watu wa kazi za kontrakti wanaofukua mawe kutwa.

Vigurudumu sasa. Vinauzwa kama kitu cha ziada, dola 300 mpaka 500 hivi, na kwa sababu ni vya ziada watu wanaviacha. Usiviache. Ona kinachotokea bila vigurudumu: tairi la mbele la trekta likiingia kwenye kishimo, nyuma inanyanyuka na reki inanyanyuka nayo, tairi likitoka, nyuma inashuka na meno yanachimba. Yani kila kishimo unachopita unakitengenezea pacha wake nyuma. Ukienda na kurudi unapata mawimbi, zile rasta kabisa za barabara ya moramu kabla greda halijapita, na safari hii umezitengeneza wewe na dizeli yako. Vigurudumu vinakaa nyuma ya boriti na kuishikilia kwenye kimo kimoja, unashusha mikono mpaka chini kabisa inaelea yenyewe, na kimo unakipanga kwa pini au kwa mkono wa kuzungusha. Ule wa kuzungusha ni mtamu zaidi kwa sababu wa pini unakulazimu uchague kati ya tundu hili na lile, na mara nyingi unachotaka kiko katikati yao.

Kwenye kupanga: simamisha trekta mahali tambarare, hakikisha boriti haijalala upande mmoja (ule mkono wa kulia wa trekta una skrubu ya kurefusha na kufupisha, watu wanasahau), halafu toplinki, ule mkono wa juu wa katikati, iguse kidogo kidogo. Ukibadilisha urefu wa toplinki meno yanabadilika mkao, kuna mkao yanauma na kuna mkao yanapapasa, na hamna kitabu kitakachokupa namba yako kwa sababu kila trekta lina kimo chake. Geuza raundi moja, vuta hatua chache, shuka uangalie. Na zile cheni au vyuma vya pembeni vya kuzuia mikono isiyumbe, vikaze, maana reki ikiwa kimshazari inasukumwa upande mmoja muda wote.

Kufunga kwenye trekta sina mengi. Nyingi ni Kategori 1, ndo saizi ya pini za kufungia, pini za chini inchi 7/8 na ya juu 3/4, trekta lolote la saizi hii linapokea. Kama unatumia kwiki hichi, ile fremu ya kunasa kifaa bila kushuka, uliza kabla ya kulipa kama mlingoti wa reki (ile sehemu ya mbele inayofungwa kwenye trekta) umetengenezwa kuingia, sio zote zinaingia.

Tuje kwenye kokoto maana hapa ndo watu wanakosana na reki zao. Huku Georgia ukiita lori la kokoto kuna aina mbili utazisikia kila siku. Kuna namba 57, ni mawe ya graniti safi, nusu inchi mpaka inchi moja, hayana vumbi, hayashikani. Na kuna crusher run, ambayo ni mawe pamoja na vumbi lake, ukiimwaga ikanyeshewa na kukanyagwa na magari inashikana inakuwa kitu kimoja. Kwenye namba 57 reki ni starehe. Zikiwa tabaka nene zinabingirika mbele ya meno kama maji, ukigeuza kimshazari zinatiririkia upande wa nyuma wa boriti, unapita ukingoni mwa barabara unazitoa kwenye majani unazirudisha katikati, unarudi upande wa pili unafanya hivyo hivyo, na pale katikati panapata mgongo wa kumwagia maji pembeni. Zikiwa tabaka jembamba nyingi zinachujwa zinapita kwenye meno, hapo usipigane nazo, ongeza lori. Ukishamaliza kuzirudisha, geuza boriti migongo ya meno itangulie, pita mara ya mwisho taratibu, inapapasa ile mistari yote inaondoka na mtu akifika anadhani umeita kampuni.

Kwenye crusher run iliyoshashikana, meno yanapita juu yanapiga kelele tu. Reki haikati. Kama una mashimo humo, hata ukiyajaza kokoto zilizolegea kwa reki, mvua ya kwanza na gari la UPS la kuleta vifurushi vinayafungua tena, kwa sababu chini kuna kikombe kigumu bado kipo. Shimo linatakiwa likatwe mpaka usawa wa sakafu yake ndo lijazwe upya, na anayekata ni boksi bledi, lile sanduku la chuma la kuvuta lenye kisu na meno yake ya kuchimbulia, au lendi pleni, ile fremu yenye visu viwili vya kimshazari ambayo kwa barabara peke yake naona ndo kifaa rahisi kuliko vyote, hata mtu aliyepanda trekta jana anapata matokeo. Mimi utaratibu wangu ni boksi bledi mara moja moja kwa mwaka pale chini kwenye mteremko, halafu reki kwa yale matengenezo ya kila baada ya mvua kubwa. Kama hela ni ya kifaa kimoja tu na una barabara tu huna bustani, nunua lendi pleni, nakwambia hivyo nikiwa napenda reki yangu.

Ila reki ina kazi ambazo hao wengine hawaziwezi, na hapa ndo inapolipa deni. Nilikuwa na kipande nyuma ya nyumba kilichokuwa pori la msitu mdogo, limekatwa, visiki vimesagwa, pamebaki mizizi, vijiti, mawe na uchafu wa kila aina. Boksi bledi hapo linachanganya tu uchafu na udongo. Reki inakusanya. Unaiweka sawa bila mshazari, unavuta, vijiti na mawe vinajikusanya ndani ya ule mpindo wa meno, udongo unapita katikati, ukifika mwisho unainua unaacha rundo, rundo linachukuliwa na loda. Kama unataka mawe makubwa tu udongo wenye changarawe ndogo ubaki, chomoa jino moja ruka moja, nafasi inakuwa kubwa na unapata ungo wa saizi nyingine. Bolti moja kila jino, spana na nusu saa na maneno machache ya Kiswahili ambayo majirani hawayaelewi.

Na kitalu cha majani. Upande huu wa Georgia wanaotaka majani ya kijani mpaka kwenye baridi wanapanda aina inayoitwa fescue, na msimu wake ni Septemba kwenda Oktoba, sio masika. Udongo mwekundu ukishachimbuliwa unakuja kwa mabonge, reki inayavunja yale madogo na kusawazisha, inakuachia juu kile kitanda cha mistari midogo midogo ambayo mbegu inaangukia ndani. Unarusha mbegu, unapita tena reki imegeuzwa migongo mbele, imeinuliwa kiasi kwamba inagusa tu, mbegu inafunikwa kidogo, halafu majani makavu juu. Kabla ya yote hayo peleka udongo ofisi ya Extension (huduma ya ushauri wa kilimo) ya University of Georgia ya kaunti yako wakupimie, udongo wetu una asidi, wengi tunahitaji chokaa kwanza. Jambo moja tu, huu udongo usiuguse ukiwa umelowa. Ukiuvuta na reki ukiwa na maji unapaka kama udongo wa mfinyanzi na ukikauka jua la siku mbili limeshaufanya tofali. Subiri ukishika konzi moja likivunjika vunjika mkononi ndo washa trekta.

Mabaya yake, mbali na hayo ya kutokata. Misonobari: zile sindano zake zikiwa nyingi zinajisuka kwenye meno zinakuwa godoro, kila hatua chache unashuka kuvuta. Kuna reki nyingine kabisa za sindano za misonobari, za waya za duara zenye springi, ni nyepesi na zinafanya hiyo kazi vizuri ila ukizipeleka kwenye kokoto utazimaliza, kwa hiyo usije ukauziwa hiyo ukidhani umepata ofa. Yale matunda ya miiba ya mti wa swiitigamu yanapita katikati ya meno kama hayajaona kitu. Mizizi iliyo hai usiivute, jino litapinda au trekta litasimama ghafla na meno ya mdomoni mwako yatagongana. Na kurudi nyuma meno yakiwa chini yameangalia mbele ni njia ya haraka kuliko zote ya kuyapinda, kama unataka kusukuma kwa kinyumenyume kufukia mtaro basi geuza boriti kwanza. Nunua meno ya akiba mawili matatu na bolti zake siku ile ile unaponunua reki, kwa sababu kila kampuni ina umbali wake wa matundu na la mwenzie halikai.

La usalama kidogo maana nimeona watu: reki hata nzito sio uzito wa kutosha kufidia ndoo ya loda ikiwa imejaa kokoto mbichi. Trekta dogo likinyanyua ndoo juu nyuma inakuwa nyepesi, kwenye mteremko hapo hapo linapinduka. Kama unabeba kokoto kwa loda halafu unatandaza kwa reki, beba ndoo chini chini, usijaze, na ile fremu ya nyuma ya kukukinga trekta likipinduka isimame na mkanda ufungwe.

Wapi na bei. Wakala wa Kubota atakuonyesha Land Pride, ni za kampuni ya Great Plains ya Salina, Kansas, ambayo Kubota waliinunua 2016 kwa hiyo siku hizi ni nyumba moja. Wa John Deere atakuonyesha Frontier. Tractor Supply wana CountyLine, kuna King Kutter ya Alabama, kuna Everything Attachments kule North Carolina, na Titan wanakuletea mpaka mlangoni kwa oda ya mtandaoni. Wengi wao wana daraja jepesi na daraja zito au la katikati, kwa hiyo usinunue jina, nunua daraja. Kwa bei nilizokuta mimi nikizunguka, nyepesi za futi tano zilianzia dola 500 mpaka 900, na nzito za futi sita zikiwa na vigurudumu zilikaa kati ya 1,500 na 2,500. Yangu ni ya daraja la kati kwenda zito, bado naipenda, malalamiko yangu ni rangi, inabanduka mpaka unashangaa ilipakwa na nani, ila rangi haichimbi.

Uagizaji wa mtandaoni una kitu kimoja hawakuambii kwa sauti: mzigo unakuja na lori la mizigo umefungwa kwenye paleti na dereva sio kazi yake kukushushia. Uliza kama lori lina jukwaa la kushusha, kama halina uwe na forki kwenye loda yako. Shemeji yangu aliagiza, lori likaja, akawa anashindana na dereva pale barabarani wakati foleni inajipanga nyuma yao. Akanipigia.

"Shem, hawa jamaa wanasema nitafute forklift."

"Si una loda?"

"Ninayo ila forki sina, nina ndoo tu."

"Funga cheni kwenye ndoo uinyanyue kutoka juu. Na kabla hujasaini shem, fungua ile nailoni uhesabu meno uangalie kama boriti imenyooka, ukikuta kitu andika kwenye karatasi yao."

Alikuta jino limepinda na kigurudumu kimoja hakina bolti, akaandika, wakamtumia vingine bila maneno mengi. Angesaini tu angekuwa anabishana nao mpaka leo.

Kuna aliyeniuliza kama inafaa kuiweka kwenye kontena kwenda Tanzania. Kama unapeleka trekta dogo na yenyewe ifuate, sawa, inakula nafasi kidogo ukifungua mlingoti. Lakini kuipeleka yenyewe tu sioni faida, fremu hiyo fundi mzuri wa Gerezani, Dar es Salaam, anaichomelea akiwa anaongea na simu, kinachomshinda ni meno, maana chuma cha springi ukikipinda kwa moto bila kukirudishia ugumu wake kinakuwa chuma cha kawaida na kikigusa jiwe kinabaki kimekunjuka. Peleka meno na bolti, fremu itengenezwe kule. Na pima mikono ya lile trekta la kule, mengi yale makubwa ni Kategori 2, pini ni nene zaidi.

Za mkononi: ni kifaa ambacho naona kabisa kinafaa kununuliwa kikiwa kimetumika, kwa sababu hakina injini wala giaboksi, kuna chuma na meno. Ukienda kuangalia, piga magoti uone ncha za meno, zikiwa zimelika upande mmoja tu wa boriti ujue ilikuwa inavutwa kimshazari upande ule ule miaka yote na mhimili utakuwa umelika hivyo hivyo. Chomoa pini ya kugeuzia uone tundu bado ni la duara au limekuwa yai. Zungusha vigurudumu kwa mkono usikilize beringi. Jino lililopinda lisikutishe, omba upunguziwe, ila boriti ikiwa na kiraka cha kuchomelea katikati achana nayo, iliwahi kushika kisiki hiyo.